Mawe ya Bamburi: kutoka tanuri la chokaa hadi msitu wa mivinje

Kabla simiti haijafika, nyumba za mawe za pwani yetu zilijengwa kwa moto. Mawe yalikatwa ardhini na boriti zikaletwa kutoka kwenye mikoko, lakini kilichoyashikanisha ni chokaa, na chokaa haipatikani bila kuchoma. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa Kisauni, bara ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Nilikua nikiona magogo yakipangwa duara, safu juu ya safu, katikati pakiachwa tundu la kutilia moto, na juu kabisa vikirundikwa vipande vya matumbawe hadi rundo likapita kimo cha mtu. Moto ukishashika ulilindwa usiku kucha. Asubuhi magogo yalikuwa yameteketea, mawe yamegeuka meupe na mepesi, na kazi bado haijakwisha: chokaa ililazwa kwa miezi, ikinyeshewa na kugeuzwa, mpaka ukali wake utulie. Aliyepiga lipu kwa chokaa changa aliuona ukuta ukivimba na kupasuka kabla ya mwaka kutimia.

Kazi hiyo ilikuwa na mipaka iliyowekwa na vitu vyenyewe. Tanuri lilitaka magogo mengi, magogo yakataka watu wa kukata na mashua za kubeba, na chokaa ikataka muda. Hata ukubwa wa chumba haukuwa wa kuamuliwa na mwenye mali. Boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye nguvu haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu, Pate na Mombasa ni virefu na vyembamba. Aliyetaka ghorofa ya pili alisubiri.

Sisemi haya ili kuwasifu wazee kupita kiasi. Mikoko ya pwani hii ilikatwa kwa karne nyingi, ikapangwa kwa madaraja yake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kisha ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ambako miti ya kujengea ni haba. Kenya iliipiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Na kule Gazi, kusini ya Mombasa, katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kuwa kuni za matanuri ya chokaa na ya matofali, hadi sehemu za hori zikabaki matope matupu. Anayeandika historia ya ujenzi wa pwani kwa haki hana budi kuliandika na hilo, hata kama tanuri mojawapo lilikuwa la babake.

Kampuni ya simiti ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na kiwanda kikaanza kutoa simiti mwaka 1954, kikiwa na uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya jiwe. Chini ya tabaka jembamba la udongo upo mwamba wa matumbawe wa kale, uliojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Ni jiwe lile lile alilolichoma baba yangu. Ni mwamba wa jinsi ile ile ambao Wareno walianza kuuchonga mwaka 1593 walipokuwa wakijenga Fort Jesus, handaki lake likikatwa ndani ya matumbawe. Kilichobadilika ni tanuri. La kiwandani huzunguka mchana na usiku, joto lake hufika nyuzi 1,450, wala halingoji jahazi la kuni.

Kwa baba, mfuko wa simiti ulikuwa mwisho wa kazi. Fundi anaufungua asubuhi, jioni ukuta umesimama. Nani tena atangoja chokaa ilale hadi masika yapite? Tanuri letu lilizimika bila ugomvi, na baba akarudi kwenye minazi. Mimi niliingia katika ujenzi nikiwa kijana, nikapanda polepole hadi kuwa msimamizi wa kazi katika majengo ya pwani ya kaskazini, hoteli kwa nyumba za watu, na simiti ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto. Kwa hiyo ninaposema juu ya mashimo ya Bamburi, nasema juu ya mahali ulikotoka mkate wangu.

Atakayeingia leo Haller Park, katika mashimo hayo ya Bamburi, atakuta msitu, twiga, mabwawa na kivuli. Ni vigumu kwake kuamini palivyokuwa. Timbo la mawe ya simiti huanza kwa kufyekwa miti yote, kisha udongo unakokotwa, kisha mwamba unapasuliwa kwa baruti na kuzolewa hadi karibu na usawa wa maji ya chini. Kinachobaki ni sakafu pana ya jiwe jeupe, imezungukwa na kuta za jiwe jeupe. Jua la saa sita linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Hakuna udongo, na maji yaliyo karibu yana chumvi. Wafanyakazi niliowajua walisema hata majani ya kawaida ya kando ya njia hayakuota humo. Ungeweza kusimama katikati usisikie ndege.

René Haller, bwana shamba kutoka Uswisi, alijiunga na kiwanda mwaka 1959 kusimamia bustani na mashamba yake. Mwaka 1971 ndipo majaribio ya kupanda miti timboni yalipoanza. Mashimo yalichimbwa katika ile sakafu ya jiwe, yakajazwa matumbawe yaliyosagwa, na miche ya aina 26 ikapandwa. Iliyosimama ilikuwa ya aina tatu tu: mnazi, damasi ambao ni mti wa Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio ulioibeba kazi. Kila mtu wa pwani anaujua kwa sauti ya upepo katika majani yake membamba, na anajua kwamba huota mchangani hadi karibu na maji ya bahari. Chumvi haiushindi, na mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni hewani na kuulisha mti, jambo ambalo linauwezesha kukua mahali pasipo rutuba. Bakteria hao hawapo katika jiwe lililopasuliwa jana. Ndiyo maana wakulima wa mivinje huchota udongo kidogo chini ya miti iliyokomaa na kuutia kwenye miche: bila udongo huo mti hudhoofu ukawa wa manjano, nao ukiupata hukimbia kwenda juu.

Hapo wengi wangeridhika. Miti imeota, picha zimepigwa, ripoti imeandikwa. Lakini mivinje peke yake haikuwa msitu. Majani yake yalianguka na kulala chini bila kuoza, kwa kuwa yana kemikali chungu za kuzuia kuliwa, na bila majani kuoza hakuna udongo. Sakafu ilikuwa bado ni jiwe, sasa limefunikwa zulia kavu la hudhurungi.

Jibu lilikuwa jongoo. Yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, anayejaa njiani mvua za kwanza zinaponyesha, ambaye watoto humgusa kwa kijiti wamwone akijikunja. Ilionekana kwamba yeye huyala majani ya mvinje. Jongoo waliokotwa kwa mamia na kuachiliwa katika timbo, wakala, wakazaana, na kinyesi chao kikawa rutuba ambayo bakteria wengine waliweza kuimalizia. Udongo ulianza kutanda juu ya jiwe, mweusi, mwembamba kwanza. Ndani yake zikaota mbegu ambazo hakuna aliyezipanda. Mikuyu ilipandwa kwa makusudi, kwa sababu tini zake huita ndege na popo, na ndege na popo huleta mbegu za miti mingine tumboni.

Nililiona hilo kwa macho yangu mara ya kwanza nilipokwenda kuchukua nguzo. Wakati huo mivinje ya mwanzo ilikuwa imeshafikia kuvunwa, na sisi wa ujenzi tulizihitaji kwa majukwaa. Mzee mmoja mfanyakazi wa shamba aliniambia nipige goti, akafukua kwa vidole vyake hadi vikagonga jiwe, kisha akanionyesha urefu wa kidole chake ulioingia kwenye udongo. "Huu wote, mwanangu, umetoka ndani ya jongoo," akasema. Nilikuwa nimesimamia majengo ya ghorofa kadhaa wakati huo, na hakuna lolote katika hayo lililonipa mshangao wa aina ile.

Mivinje ile ilizaa jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Leo ukipita Kwale au Kilifi utaona mashamba ya mivinje ya watu wa kawaida, mistari iliyonyooka, na kwenye majengo utaziona nguzo zake kila mahali. Kila nguzo ya mvinje inayosimama chini ya zege ni boriti moja ya mkoko iliyoachwa kwenye hori. Zamani mikoko ilikatwa ili jiwe lichomwe, na sasa mti ulioota ndani ya shimo la jiwe unaipumzisha mikoko. Hili linanifurahisha kuliko twiga.

Kwa mabwawa nitasema machache. Pale mchimbaji alipofika kwenye maji, palifugwa samaki, nayo maji yao machafu yalipitishwa kwenye madimbwi ya majani yanayoelea ili yasafike, na majani yakavunwa kuwa mbolea. Mamba walifugwa pia. Mwaka 1984 njia ya kutembelea ilifunguliwa kwa wageni, na mwaka 1987 Haller aliingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Dunia ililijua jina la mahali hapa zaidi baada ya Desemba 2004, pale kiboko mchanga aliyepewa jina la Owen alipookolewa kwenye mwamba wa bahari huko Malindi, akaletwa timboni na kujiambatanisha na kobe mkongwe wa Aldabra aitwaye Mzee. Ni kisa kizuri, na watoto wangu walikipenda. Lakini kiboko yule alipata pa kufikia kwa sababu ya jongoo.

Nikiiangalia kazi hii kwa jicho la msimamizi, ninachokiona kikubwa ni wakati wake. Miti ilianza kupandwa huku baruti zikiendelea kulia katika mashimo mengine. Aliyepanda alikuwa kwenye orodha ya mishahara pamoja na aliyechimba, akabaki hapo miaka mingi, akiwa na watu wake na bajeti yake, na kile kilichoota kikaanza kujilipia kwa nguzo, samaki na tiketi. Katika miradi niliyoisimamia mimi, kurudisha ardhi kulikuwa mstari wa mwisho kwenye makadirio. Mstari wa mwisho ndio unaokatwa bei ya chuma inapopanda. Ndio unaobaki wakati mwenye mradi ameshahama kimawazo, mkandarasi anataka fedha yake ya dhamana iachiliwe, na wakaguzi wanatazama rangi ya kuta. Miche hununuliwa wiki ya ufunguzi, hupandwa kwenye kifusi, na hufa kabla ya vuli.

Nilishiriki katika hoteli moja ya ufuoni, ambayo sitaitaja, iliyofanya kinyume cha Bamburi katika kila hatua. Vilima vya mchanga vilivyokuwa mbele ya kiwanja vilisawazishwa ili wageni waione bahari wakiwa kitandani. Mimea inayotambaa juu ya mchanga, ile yenye maua ya zambarau, iling'olewa kwa kuwa ilionekana kama gugu. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akiegesha ngalawa yake karibu alimwambia mwenye kazi, kwa adabu, kwamba mchanga ule ni akiba ya bahari: kusi huuchukua, kaskazi huurudisha. Alishukuriwa na kusindikizwa nje ya uzio. Msimu wa kusi uliofuata, mawimbi yalifika kwenye msingi wa jengo. Ukajengwa ukuta wa zege. Wimbi likigonga ukuta wima halina pa kulala, hurudi na nguvu zake zote na kuuchimba mchanga ulio chini, na pembezoni mwa ukuta hugeuka na kumla jirani. Miaka michache baadaye jirani naye alijenga ukuta. Leo maji yakijaa huwezi kupita kwa miguu mahali pale ambapo wanawake walikuwa wakipita na vikapu vyao vya pweza.

Jirani zetu wa Tanzania waliliandika hili katika sheria yao ya mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Kenya ina sheria yake ya mazingira ya mwaka 1999, inayotaka athari za mradi zichunguzwe kabla ya kuanza, na sheria ya madini ya mwaka 2016 inayomtaka mchimbaji arekebishe alipochimba. Naziheshimu sheria hizi, na nimewahi kuona kazi mbaya ikisimamishwa kwa sababu yake. Hata hivyo miti ya kwanza ya Bamburi ilipandwa miaka 28 kabla ya sheria ile ya 1999. Wakati huo aliyetaka kuliacha timbo wazi aliliacha, na matimbo mengi madogo ya pwani, yaliyokatwa mawe ya kujengea, yameachwa hivyo hivyo: wakati wa masika yanajaa maji na mbu, wakati wa kiangazi ni jiwe, na kila baada ya muda mtoto anazama.

Kuna upande wa Bamburi ambao hauwezi kuigwa na kila mtu, na lazima usemwe. Kazi ile iliwezekana kwa sababu ardhi kubwa ilikuwa mikononi mwa mwenye mamlaka mmoja, aliyeweza kungoja miaka 20. Watu wengi wa mwambao hawana hata hati ya kiwanja walichozaliwa. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wapeleke madai yao yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi hawakujua, hawakufika, au ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na mtu mmoja wa kuidai kwa jina lake. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo. Usimwambie mtu ambaye anaweza kufukuzwa kesho apande mti wa kuvunwa na mwanawe. Ninapowasikia wataalamu wakiwalaumu wanakijiji kwa kuharibu ardhi, huwa nauliza kwanza hati iko kwa nani.

Ndiyo sababu nimeipenda kazi ya Gazi, hori lile lile lililokatwa kwa ajili ya matanuri. Watafiti wa taasisi ya uvuvi na bahari ya Kenya walianza kupanda mikoko hapo mwaka 1991, wakishirikiana na wenyeji. Mikoko si ya kupanda kwa fujo: mkoko magondi hupenda pale maji yanapofika kila siku, mkandaa hupenda nyuma yake, na mchu unavumilia ncha zote mbili, kwenye chumvi kali na kwenye matope ya mbele. Ukiukosea mstari, miche yote huondoka na maji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha Mikoko Pamoja, mradi unaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, takribani tani 3,000 kwa mwaka. Wanunuzi wako mbali ng'ambo. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Kiasi chake si kikubwa. Lakini wanakijiji wenyewe hukaa mkutanoni na kuamua zitumike kwa nini, na hicho ndicho Bamburi haikuwa nacho: pale jirani huingia kwa tiketi.

Sasa nimestaafu, na watu huniletea karatasi zao niwasomee. Ukoo mmoja wa Kilifi, watu wa upande wa mama yangu, umefuatwa na kijana mwenye mashine za kukata mawe anayetaka sehemu ya shamba lao kwa miaka kumi. Wanahitaji fedha, na mawe yapo. Sikuona sababu ya kuwakataza. Tulikaa naye chini ya mwembe wao, nikampa masharti yetu moja moja. Udongo wa juu usichanganywe na kifusi, urundikwe pembeni na kufunikwa makuti. Asichimbe kufikia maji. Mkuyu ulio kwenye mpaka usiguswe. Miche ya mivinje isiwe ya mwaka wa kumi, ianze kitaluni mwezi ule ule mashine itakapoingia, na kila sehemu ikishamalizwa ipandwe kabla ya kufunguliwa nyingine. Na kwa kila lori linalotoka, kiasi fulani kiwekwe kwenye akaunti ya kurudisha shamba, yenye sahihi za ukoo.

Alisikiliza vizuri, ni kijana mwenye adabu. Alisema udongo ni rahisi, mkuyu hauna shida, miche atanunua. Akaunti anataka aishike yeye, akidai ndiye anayejua gharama. Nilimwambia kwamba gharama anazijua, lakini baada ya miaka kumi yeye atakuwa kwenye timbo jingine na wao watakuwa pale pale. Ameomba muda wa kufikiri hadi baada ya Idi. Mpaka sasa mashine zake ziko barabarani.